Saikolojia ya Mwaka wa Kwanza: Namna ya Kuisoma Ukiwa Dodoma

Sapu yangu ya kwanza chuoni, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli, na namshukuru Mungu ikawa ya mwisho, niliipata kwenye utangulizi wa saikolojia. Si takwimu, wala si yale masomo niliyokuwa nayaogopa. Saikolojia. Tukiwa kwenye foleni ya usajili kaka mmoja wa mwaka wa tatu aliniambia, "Hiyo ni stori tu mdogo wangu, unaimaliza usiku mmoja." Nikamwamini. Nikachukua madesa ya mwaka uliopita, nikayakariri siku tatu kabla ya UE, ule mtihani wa mwisho wa muhula, nikaingia chumba cha mtihani na majina ya Wazungu kumi na mawili kichwani. Swali la kwanza halikutaka jina la mtu. Lilisema: kwa mfano kutoka katika mazingira yako, eleza tofauti ya uimarishaji hasi na adhabu. Nilikaa nalo dakika ishirini, nikalikimbia.

Ninachokuandikia hapa ndicho nilichokifanya niliporudia, na ndicho ninachowaambia wadogo zangu kila wanapofunga begi kuja Dodoma kuanza chuo. Kiini chake ni kimoja: dhana ya saikolojia ambayo huna mfano wake ulioushuhudia mwenyewe bado hujaijua, hata kama unaweza kuitaja neno kwa neno.

Hatua ya kwanza: tua mzigo uliokuja nao

Sekondari wengi wetu hatukuisoma saikolojia, lakini hakuna anayeingia ukumbini kichwa kitupu. Tunakuja na ile ya mtaani. Mwambie abiria mwenzako kwenye daladala kwamba unasoma saikolojia, atakugeukia: "Haya, niambie sasa hivi nawaza nini." Huwezi. Saikolojia ni uchunguzi wa kisayansi wa tabia na michakato ya akili, na neno zito hapo ni hilo la kisayansi. Ndiyo maana vitabu vingi huanza kuihesabu kama fani inayojitegemea mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani. Binadamu alikuwa ameitafakari akili kwa karne nyingi kabla ya hapo. Kilichoongezeka ni kupima.

Mengine ya kutua mapema ni haya. Kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo: si kweli, ubongo wote una kazi, na hata ukilala haujazimwa. Kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kujifunza, huyu wa kuona, yule wa kusikia: hili linawauma wenzangu wa ualimu kwa sababu limezoeleka mno. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo, hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa "mtindo wake" kunamwongezea uelewa. Watu wana wanachopendelea, sawa. Kupendelea si kuelewa. Na la mwisho, kwamba mwanasaikolojia na daktari wa magonjwa ya akili ni mtu yule yule: daktari amesomea udaktari kwanza ndipo akabobea huko, na anaandika dawa, mwanasaikolojia hufanya vipimo vya kisaikolojia na tiba ya mazungumzo.

Kwa kuwa upo Dodoma, kuna jambo moja la ziada. Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, ipo hapa mjini tangu enzi za ukoloni, na jina lake limegeuzwa tusi nchi nzima. Ukianza kozi hii acha kusema "huyu wa kupelekwa Mirembe", hata kwa utani. Katika ukumbi wa watu mia kadhaa hakosi mmoja ambaye kila mwezi anakwenda pale kumwona mama yake au kuchukua dawa zake mwenyewe. Mimi nilikaa kiti kimoja pembeni ya mtu kama huyo karibu muhula mzima nikitoa utani huo, na aliyeniambia ni yeye mwenyewe, kwa upole kuliko nilivyostahili. Vilevile, mada ya matatizo ya akili ikifika utajiona una nusu ya magonjwa yaliyotajwa, na mwenzako wa chumbani ana nusu iliyobaki. Ni kawaida. Usimpime mtu. Kozi moja ya utangulizi haimpi mtu ruhusa hiyo, na kama kuna linalokusumbua kweli, nenda kitengo cha ushauri nasaha cha chuo au hospitali.

Hatua ya pili: muhtasari wa kozi, na kiti cha mbele

Muhtasari wengi huupiga picha kwa simu na hawaufungui tena. Uchapishe pale stesheneri, uugandishe ndani ya jalada la daftari. Tazama mgawanyo wa alama, ambao kwa vyuo vyetu vingi ni 40 za ndani ya muhula na 60 za UE, halafu tazama kila mada imepewa wiki ngapi. Iliyopewa wiki tatu haikosi swali.

Kozi hii huchukuliwa kwa pamoja na watu wa programu nyingi, kwa hiyo ukumbi hujaa mpaka ngazini. Spika ikianza kukoroma, wa nyuma wanabaki na upepo wa Dodoma tu. Fika robo saa kabla. Kama chuo chako ni kile kilichotawanyika vilimani, unajua kutoka hosteli hadi ukumbini ni safari, na bajaji ya asubuhi haimsubiri mtu.

Mhadhara ni Kiingereza. Andika istilahi kama ilivyo kwenye slaidi, usihangaike kuitafsiri pale pale. Jioni jieleze kwa Kiswahili, au kwa Kigogo, Kirangi, Kinyaturu, lugha yoyote ambayo ungeitumia kumweleza mdogo wako nyumbani. Ukikwama katikati ya maelezo, ujue lugha haikukukwamisha. Hukuelewa.

Hatua ya tatu: daftari la safu tatu

Chora mistari miwili ya wima ukurasa mzima. Safu ya kwanza: dhana. Ya pili: nani, lini, alifanya nini. Ya tatu: mfano wangu. Safu ya tatu ndiyo kozi yenyewe. Mbili za mwanzo utazipata kwenye desa lolote.

Nikuonyeshe ukurasa mmoja kutoka kwenye daftari langu. Safu ya kwanza ina "classical conditioning", kujifunza kwa kuambatanisha kitu na kingine. Ya pili ina Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake ya mmeng'enyo wa chakula. Hakuwa akitafuta saikolojia. Aliona mbwa wake wanatoa mate kabla chakula hakijafika, akaanza kuchunguza kwa nini.

Safu ya tatu inatoka Makulu, kwenye chumba nilichopanga likizo ndefu nikisomea sapu. Kila alasiri alipita kijana wa aiskrimu na baiskeli yenye kispika kinachorudia wimbo mmoja usioisha. Mtoto wa mwenye nyumba, miaka minne, alikuwa akiusikia tangu kona ya mbali anaanza kulamba midomo na kumeza mate. Sasa pasua. Aiskrimu mdomoni inaleta mate bila kufundishwa: aiskrimu ni UCS, kichocheo kisichofundishwa, na mate hayo ni UCR, mwitiko usiofundishwa. Wimbo mwanzoni haukuwa na maana yoyote kwake. Ulipoambatana na aiskrimu mara nyingi ukawa CS, kichocheo kilichofundishwa. Mate yanayokuja kwa wimbo peke yake ni CR, mwitiko uliofundishwa, na tafadhali, CR huyu si yule kiongozi wa darasa anayewatumia matangazo saa sita usiku.

Kisha nikapata bahati. Friji ya tajiri wake iliharibika, kijana akawa anapita na wimbo ule ule akiuza maji. Siku mbili za mwanzo mtoto alilamba midomo kama kawaida na kulia. Siku ya tano hakunyanyua hata kichwa kutoka kwenye gari lake la kopo. Huko ni kuzimika kwa mwitiko. Kijana akapotea siku kadhaa. Aliporudi, wimbo ulipolia kona ya mbali, ulimi wa mtoto ukatoka tena: kurejea kwenyewe, bila kufundishwa upya. Na siku simu ya mpangaji mmoja ilipoita kwa muziki unaofanana na ule, mtoto akageuka na midomo yake ile ile. Hiyo ni kujumuisha. Dhana nne kutoka barazani, na sijasahau hata moja.

Kuna mkali atasema: lakini mtoto pia alikimbilia getini, na kukimbia si mate. Yuko sahihi. Kukimbia ni tabia inayojengwa na matokeo yake, hiyo ni ya Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani utakayemkuta hatua ijayo. Ukiitenganisha hivyo kwenye karatasi ya mtihani, msahihishaji atajua anasoma kazi ya mtu aliyeelewa.

Hatua ya nne: hapa ndipo watu wanapoangukia

Neno "hasi" ndilo lililoniangusha. Kwa B. F. Skinner na wafuasi wake chanya maana yake kuna kitu kimeongezwa, hasi maana yake kuna kitu kimeondolewa. Basi. Hakuna uzuri wala ubaya hapo. Uimarishaji maana yake tabia inazidi, adhabu maana yake tabia inapungua. Kila mfano uulize maswali mawili: kimeongezwa au kimeondolewa? Tabia imezidi au imepungua?

Umepanda daladala, umesimama mlangoni. Konda anakupigia kelele: "Sogea nyuma dada, sogea, nyuma kweupe!" Ukisogea, ananyamaza. Kesho yake unasogea kabla hajafungua mdomo. Kilichoondolewa ni kelele, kilichozidi ni kusogea: uimarishaji hasi. Wakati huo huo wewe umemwimarisha konda, maana amepata nafasi aliyokuwa anaitaka, na ndiyo sababu kesho atapiga kelele vile vile. Mzazi akikunyang'anya simu kwa sababu ya matokeo, na uzembe ukapungua, hiyo ni adhabu hasi. Fimbo, kama kweli inapunguza tabia, inaitwa adhabu chanya, jina ambalo mama yangu alilikataa katakata nilipomweleza.

Kwenye mada hii kuna ratiba za uimarishaji, yaani zawadi inakuja lini, na utaona zinakaririwa kama mashairi. Usifanye hivyo. Nenda chumba chochote cha wavulana hosteli Jumamosi jioni uwatazame wanaobeti. Mkeka umechanika kwa timu moja, wiki iliyopita ulichanika kwa mbili, mwezi uliopita jirani yao alipata hela ya viatu. Zawadi inakuja baada ya idadi ya majaribio isiyotabirika. Skinner alionyesha kwa wanyama kwamba ratiba ya namna hiyo huzalisha tabia ya kasi, isiyopumzika, na inayochelewa sana kuzimika. Ndiyo maana bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, linaweza kuingia Jumatatu na Ijumaa mtu anakopa nauli, naye si mjinga. Linganisha na mshahara wa mwisho wa mwezi, ambao unakuja kwa muda uliopangwa: kazi ofisini huchangamka lini? Umeshapata ratiba mbili, zimebaki mbili, zitafute mwenyewe.

Hatua ya tano: fanya jaribio moja kwa mikono yako

Mada ya mbinu za utafiti huonekana kavu na watu huiruka. Ni kosa, kwa sababu maswali ya mada nyingine zote yanaificha ndani yake. Anza na utafiti mmoja, uujue vizuri. Elizabeth Loftus na John Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Swali lilikuwa lile lile isipokuwa kitenzi. Walioulizwa kwa kitenzi kizito, tuseme "yalipobamizana", walikadiria wastani wa maili 40.5 kwa saa. Walioulizwa kwa chepesi, "yalipogusana", walikadiria 31.8. Ni tofauti ya kama kilomita 14 kwa saa, na imeletwa na neno moja. Katika jaribio lao la pili walirudi baada ya wiki moja na kuuliza kama kulikuwa na vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo, hata hivyo 16 kati ya 50 wa kundi la "kubamizana" walisema waliviona, dhidi ya 7 kati ya 50 wa kundi la "kugongana".

Kitenzi, ambacho watafiti walikibadilisha wenyewe, ni kigeu huru. Mwendo uliokadiriwa, uliopimwa, ni kigeu tegemezi. Siku bodaboda ikianguka kwenye kipilefti, simama pembeni usikilize maswali ya watu wanaofika wamechelewa. "Ilimbamiza, eh?" Ukipita jioni, shahidi aliyesema asubuhi "walikwaruzana" atakuwa na stori nyingine, na haongopi.

Kisha fanya lako. Jaribio la Stroop, lililoandikwa na John Ridley Stroop mwaka 1935, linahitaji kalamu za rangi nne na karatasi mbili. Kwenye karatasi ya kwanza andika maneno ishirini, nyekundu, bluu, kijani, njano, kila neno kwa wino wa rangi yake. Kwenye ya pili andika maneno hayo hayo kwa wino usiolingana nayo: neno "nyekundu" kwa wino wa kijani, na kadhalika. Mwombe mwenzako ataje rangi ya wino, asisome neno, huku unapima muda kwa simu. Andika kwa Kiswahili, kwa sababu kinachomkwamisha mtu ni kusoma kunakojiendesha kwenyewe, na kunajiendesha kwa lugha aliyoizoea. Tafuta watu kumi. Watano waanze na karatasi ya pili, ili usije ukasema tofauti imeletwa na wino kumbe ni uchovu. Waombe ridhaa kwanza, waambie wanaweza kuacha wakati wowote, na majina yao usiyaandike. Kwa saa moja tu umegusa kigeu huru, kigeu tegemezi, mpangilio wa majaribio na maadili ya utafiti.

Kuhusu uhusiano na usababishi sitakuchosha. Watoto wa nyumba zenye televisheni wakifaulu zaidi, usiende kuwanunulia shule nzima televisheni. Uliza kipato cha wazazi kwanza.

Hatua ya sita: majina

Hayakwepeki. Mpe kila mtu tendo moja, si sifa. Phineas Gage, mwaka 1848, fimbo ya chuma ilimpita kichwani kwenye ujenzi wa reli huko Vermont, akaishi, na watu wake wakasema amebadilika. Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 kutibu kifafa na tangu hapo hakuweza kuhifadhi matukio mapya. Abraham Maslow na ngazi yake ya mahitaji, 1943. Albert Bandura na mwanasesere wa Bobo, 1961: watoto waliomwona mtu mzima anampiga walimpiga pia. Stanley Milgram, 1963: washiriki 26 kati ya 40, wakiamini wanampiga mwenzao umeme, walifika mwisho wa mashine ya volti 450 kwa sababu tu mtafiti aliwaambia waendelee, na umeme wenyewe haukuwepo.

Jean Piaget asibaki kwenye daftari. Mmiminie mtoto wa miaka mitano juisi sawa kwenye glasi mbili zinazofanana, mwambie athibitishe ziko sawa, kisha mimina moja kwenye glasi ndefu nyembamba mbele ya macho yake. Muulize ipi ina nyingi. Wengi wa umri huo watakuonyesha ile ndefu, ingawa juisi ni ile ile. Ukimaliza, mwache anywe zote.

Hatua ya saba: Afrika iingie kwenye jibu

Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake waliandika kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi zenye takriban asilimia 12 tu ya watu wa dunia, nyingi zikiwa za Magharibi. Lisome mara mbili hilo. Karibu kila "binadamu hufanya hivi" iliyomo kitabuni ilipimwa kwa watu wasiowahi kula mlenda. Haina maana kwamba ni uongo. Ina maana una haki ya kuuliza, na wahadhiri wengi hufurahi ukiuliza kwa ushahidi kuliko ukiuliza kwa hasira.

Ushahidi upo. Robert Serpell, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979, aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kuiga maumbo. Kwa karatasi na kalamu, wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, wa Zambia wakawapita. Kwa udongo wakatoshana. Kila aliyewahi kutengeneza gari la waya kijijini anaelewa bila kuelezwa, lakini wewe likupe sentensi ya mtihani: kipimo cha akili hupima pia uzoefu wa vifaa. Mary Ainsworth, ambaye jina lake utalikuta kwenye mada ya mtoto kushikamana na mlezi, alianza kuwachunguza akina mama na watoto Uganda katika miaka ya 1950, kabla ya kazi yake maarufu ya Marekani. Hapa kwetu, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walichapisha mwaka 2002 kazi waliyofanya na wanafunzi wa shule za eneo la Bagamoyo: waliwapima, wakawafundisha kidogo namna ya kuyakabili maswali, wakawapima tena, na alama zikapanda. Mtoto aliyeonekana mzito kumbe hajawahi kuonyeshwa mchezo unavyochezwa.

Na jirani kabisa, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Watafiti waliwavalisha watu wazima 33 vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20, wakachapisha mwaka 2017: katika muda wote huo, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Karibu daima kulikuwa na mmoja macho. Mada ya usingizi ikija, wenzako wataandika saa nane za kulala. Wewe andika hilo.

Hatua ya nane: kazi ya kikundi

Mtapangwa kumi au zaidi, watatu wataandika, waliobaki watatuma namba za usajili kwa WhatsApp. Huo nao ni utafiti: Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wanaovuta kamba, na kadiri kundi lilivyokua ndivyo kila mmoja alivyovuta kidogo kuliko akiwa peke yake. Dawa inayotoka kwenye tafiti za baadaye ni kufanya mchango wa kila mtu uonekane. Gaweni vipande kwa majina siku ya kwanza, andikeni jina pembeni ya kila kipande, na mkubaliane kwamba mtoa mada atachaguliwa kwa kura asubuhi ile ile ya semina. Kikundi chetu cha pili tulifanya hivyo na hata yule ndugu wa "nipo safarini Singida" alionekana maktaba.

Hatua ya tisa: kurudia bila kusoma tena

Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na akaona sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema, saa na siku za kwanza. Kwa hiyo kusubiri wiki ya mtihani ni kuanza kujifunza upya. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, 2006, waliwapa wanafunzi matini wasome: wengine wakaisoma tena, wengine wakajipima kwa kuandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima wakawa mbele. Tatizo la kusoma tena ni kwamba kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo ndiyo iliyonipeleka UE nikiwa natabasamu.

Fanya hivi: funika safu ya pili na ya tatu kwa karatasi, tazama dhana, sema kwa sauti yaliyofunikwa, kisha funua. Rudia kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Dakika kumi na tano zinatosha. Umeme ukikatika ni nafasi nzuri, maana gizani huwezi kuchungulia.

Hatua ya kumi: siku ya UE

Lala. Andika namba ya usajili kabla hujasoma swali lolote. Kwenye maswali ya kuchagua, jibu kichwani kwanza, ndipo utazame herufi. Kwenye maswali ya kueleza, kila dhana ipewe mambo manne kwa mfuatano: maana yake, aliyeichunguza na alichokifanya, mfano, na mpaka wake, yaani wapi haifanyi kazi au nani hakuhusishwa. Wengi huishia la kwanza na kujaza kurasa.

Swali likitaka mfano, usiandike mbwa wa Pavlov. Ukumbi mzima utaandika mbwa. Mimi kwenye sapu nilimwandika kijana wa aiskrimu wa Makulu, friji iliyoharibika na yote, na nikaomba karatasi ya nyongeza.